Biashara tano, tegemeo moja

Bati, koltani, zaire na dola, kila moja kwa zamu yake, imewaangusha watu wa Maniema walioitegemea peke yake. Kwa nini mwekezaji mdogo wa Kindu bado anaweka jasho lake lote mahali pamoja, huku akiamini kwamba amelitawanya?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona zaire, sarafu yetu ya wakati huo, ilivyokuwa mwaka 1994. Mwaka ule bei nchini zilipanda kwa takriban asilimia 9,800, maana yake fedha iliyotosha kununua magunia mia ya mchele mwanzoni mwa mwaka ilitosha gunia moja mwishoni. Na hiyo ilikuwa zaire mpya, iliyoletwa Oktoba 1993, ambapo zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa moja. Mnamo 30 Juni 1998 faranga ikaingia, na zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Waliokuwa watu wazima wakati huo walikuwa wameshaumwa na nyoka wa namna hiyo hapo awali. Desemba 1979 serikali ilizifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na kila raia akaruhusiwa kubadilisha kiasi chenye mpaka. Kilichozidi mpaka huo kikabaki karatasi.

Kizazi kilichopitia hayo kilijifunza somo moja barabara: noti si akiba. Weka fedha kwenye kitu, kiwe kiwanja, dhahabu, dola au mzigo dukani. Somo hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya somo. Nusu ya pili inasema kwamba hata hicho kitu kina siku yake ya kuanguka, na Maniema ina ushahidi wa kutosha.

Sababu nne, waathirika walewale

Ushahidi wa kwanza uko Kalima, katika eneo la Pangi. Kwa miaka mingi mji huo uliishi kwa kasiterite, mawe yanayotoa bati. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Maniema na Kivu, yakiwamo Symétain na Cobelmin, yaliunganishwa kuwa kampuni moja, Sominki. Kazi, hospitali, shule na duka, vyote vilizunguka bati.

Kuporomoka kwake kulianzia London. Baraza la kimataifa la bati lilikuwa likinunua bati kwa wingi ili bei isishuke. Tarehe 24 Oktoba 1985 likaishiwa fedha, na soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati. Bei ilikuja kupungua kwa karibu nusu. Sominki haikupona kutokana na pigo hilo, na ilipofika 1997 ilikuwa imefikia mwisho wake.

Angalia nani aliumia. Mchimbaji aliyelipwa mshahara aliumia, na hilo halishangazi. Lakini aliumia pia mwenye duka aliyemuuzia sabuni, mkulima aliyemuuzia muhogo, fundi aliyemjengea nyumba na mwenye nyumba aliyempangisha. Kila mmoja wao angekwambia anafanya kazi yake tofauti. Kumbe wote walikuwa wafanyakazi wa bati, ila majina yao hayakuwa kwenye orodha ya mishahara.

Ushahidi wa pili ni koltani, mawe yanayotoa tantalumu. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantalumu duniani ilipaa mara kadhaa juu ya kawaida yake, na vijana wa mashariki ya Kongo wakaacha majembe wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Waliopanda mpunga mwaka ule walikula; waliouacha walinunua.

Wa tatu haukuhusu bei hata kidogo. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ilidumu hadi Machi 2011. Kwa miezi hiyo mchimbaji alikuwa na nguvu zake, mawe yalikuwa ardhini na wanunuzi walikuwapo duniani, lakini kazi ilikuwa haramu. Wa nne ni Namoya, huko Kabambare, ambako kampuni ya Banro ilianza rasmi uzalishaji wa dhahabu kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama kwa sababu za usalama.

Mdororo wa soko, bei iliyofura kupita kiasi, saini ya rais na mtutu wa bunduki ni sababu nne zisizofanana. Waliopigwa walikuwa walewale: watu ambao mapato yao yote, kwa njia iliyonyooka au ya kuzunguka, yalitoka shimoni.

Mtu wa Kindu na mitumbwi yake

Tumchukue mtu wa mfano, mkazi wa mji wa Kindu. Tuseme amejitahidi kwa miaka kumi. Ana duka la vyakula na vifaa. Ana pikipiki mbili anazowakabidhi vijana wabebe abiria. Ana nyumba ya vyumba vinne aliyoipangisha. Amemkopesha mnunuzi wa dhahabu mtaji kidogo kwa faida ya kila mwezi. Na yumo katika kundi la likelemba, la kuchangiana fedha kwa zamu, pamoja na wafanyabiashara wenzake. Hizo ni shughuli tano. Majirani wanamsifu kwamba ni mtu mwenye akili, hakutegemea kitu kimoja.

Sasa dhahabu ikwame mwezi mmoja. Mnunuzi halipi faida. Wateja wa dukani, ambao wengi wanaishi kwa fedha ya machimbo, wanaanza kuandikiwa madeni. Abiria wa pikipiki wanatembea kwa miguu. Wapangaji wawili kati ya wanne wanaomba wasubiriwe. Na kwenye likelemba, aliyekwisha kupokea zamu yake anashindwa kuchangia zamu za wengine, kwa sababu duka lake nalo limekauka. Mtu wetu alikuwa na mitumbwi mitano, lakini yote aliifunga kwa kamba moja. Ulipozama wa kwanza, uliivuta mingine.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme biashara mbili, kila moja hupata mwaka mbaya mara moja katika miaka mitano. Kama hazihusiani kabisa, nafasi ya zote mbili kuharibika mwaka uleule ni moja kati ya ishirini na tano. Kama zinategemea kitu kilekile, nafasi hiyo ni moja kati ya tano, sawasawa na kuwa na biashara moja. Umeongeza kazi, umeongeza kodi, umeongeza usumbufu, lakini usalama haukuongezeka hata chembe.

Hilo ndilo aliloliweka katika hesabu Harry Markowitz, Mmarekani aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 1952 na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Kabla yake watu walijua kwamba ni vizuri kutawanya mali. Yeye alionyesha kwamba hatari ya mali yako haipimwi kwa kuangalia kila kitu peke yake, bali kwa kuangalia jinsi vitu vinavyopanda na kushuka pamoja. Kitu chenye hatari kubwa kinaweza kukupunguzia hatari ya jumla, mradi siku zake mbaya si siku mbaya za vingine.

Akili inavyotuchezea

Kama jambo lenyewe ni jepesi hivi, mbona watu wenye busara hulikosa? Jibu limetafutwa na wanasaikolojia na wachumi kwa nusu karne, na sehemu kubwa yake inatuhusu hapa moja kwa moja.

Mtego wa kwanza ni ukaribu. Tunaweka fedha tunapopajua, na tunachokijua ndicho kilicho jirani. Mtoto wa mchimbaji anawekeza kwenye machimbo, mwalimu anawekeza kwenye shule binafsi, mwenye duka anafungua duka la pili mtaa wa pili. Kukijua kitu ni faida ya kweli, wala si ya kudharauliwa. Lakini kukijua kitu hakukizuii kuanguka. Wafanyakazi wa Kalima waliijua kasiterite kuliko mtu yeyote wa London.

Mtego wa pili ni kuhesabu vitu badala ya kuhesabu hatari. Wachumi Shlomo Benartzi na Richard Thaler walichapisha mwaka 2001 uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa Marekani wanaochagua mahali pa kuweka akiba ya uzeeni. Waligundua kwamba wengi hugawa fedha sawasawa katika chochote walichowekewa mezani. Wakiwekewa mifuko mingi ya hisa, wanaishia na hisa nyingi. Wakiwekewa mingi ya dhamana, wanaishia na dhamana nyingi. Wanadhani wametawanya, kumbe aliyepanga orodha ndiye aliyewachagulia. Kindu orodha hiyo hupangwa na uchumi wa mji wenyewe: ukinyoosha mkono popote, unashika kitu kinachotegemea madini au ndege zinazoleta bidhaa.

Wa tatu ni kundi. Kiswahili kina methali inayotisha: mkataa wengi ni mchawi. Kinshasa ya mwaka 1990 na 1991 iliijua nguvu yake wakati wa Bindo Promotion, mchezo wa fedha ulioahidi faida ambayo hakuna biashara halali ingeweza kuitoa. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na kulipwa kwao ndiko kulikowavuta majirani. Mwaka 1991 ukaporomoka. Tanzania nayo ilikuwa na mchezo wa DECI, ambamo watu waliambiwa wanapanda mbegu na kuvuna, hadi serikali ilipoufunga mwaka 2009. Katika michezo hii, ushahidi unaomshawishi mtu ni wa kweli kabisa: jirani amelipwa, amenunua pikipiki, unaiona kwa macho. Kinachokosekana ni swali moja: fedha hii inazalishwa na nini?

Wa nne ndio mzito kuliko yote, nao ni maumivu ya hasara. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba kupoteza huuma zaidi kuliko kupata kunavyofurahisha. Vipimo vingi vilivyofuata vinakadiria kwamba huuma karibu mara mbili. Matokeo yake ni ya ajabu. Mtu aliyenunua mzigo wa mchele bei ikiwa juu, kisha bei ikashuka, hataki kuuza kwa hasara. Anausubiri. Mchele unaingia wadudu, ghala linadai kodi, na fedha ambayo ingezunguka mara tatu imelala. Wakati huohuo, mbuzi wake waliopanda bei anawauza haraka, ili asije akaikosa faida. Hersh Shefrin na Meir Statman waliielezea tabia hii mwaka 1985: watu huuza mapema kinachopanda na kung'ang'ania kinachoshuka. Mwisho wa miaka kadhaa, mkononi unabaki na mkusanyiko wa makosa yako.

Dawa yake ni swali dogo linalosaidia kweli: kama leo ungekuwa na fedha taslimu badala ya mzigo huu, ungeununua kwa bei ya leo? Kama jibu ni hapana, basi kuendelea kuushika ni kuununua upya kila asubuhi. Bei uliyonunulia haikumbukwi na soko. Unaikumbuka wewe peke yako.

Kuna pia kujiamini. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya zaidi ya 66,000 za Marekani zilizonunua na kuuza hisa kati ya 1991 na 1996. Zile zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, ilhali soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Walikuwa na shughuli nyingi kuliko wengine wote, na shughuli hizo zililiwa na gharama na makosa. Mtu anayebadili biashara kila msimu akifuata kinacholipa sasa yumo katika kundi hilo, hata kama hajawahi kuona hisa.

Dola nayo ina siku zake

Mtego wa mwisho ni kuifanya juzi kuwa sheria. Kwa sababu faranga ilishuka kwa miaka mingi, kutoka takriban 900 kwa dola mwaka 2015 hadi zaidi ya 2,600 mwishoni mwa 2023, watu walihitimisha kwamba dola hupanda tu. Ndipo mwaka 2025, katika wiki chache za Septemba na Oktoba, faranga ikapata nguvu: kutoka karibu 2,800 kwa dola ikaja chini ya 2,500. Bei sokoni hazikushuka kwa kasi hiyohiyo. Aliyeweka kila kitu katika dola, huku akila, akilipa ada na kununua unga kwa faranga, aliona akiba yake ikisinyaa pasipo mtu kuiiba.

Hii haimaanishi kwamba dola ni mbaya. Historia ya zaire bado ipo, na mwenye kuisahau ataikumbushwa. Inamaanisha kwamba matumizi ya miezi michache ijayo yafaa yawe katika fedha utakayoitumia, na akiba ya mbali iwe katika dola na katika vitu.

Mwaka uleule wa 2025 ulifundisha jambo jingine kuhusu mahali. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, benki zilifunga na uwanja wa ndege ukafungwa. Bukavu ikafuata Februari. Mfanyabiashara wa Kindu ambaye bidhaa zake zote, wadaiwa wake wote na akaunti yake vilikuwa katika mji mmoja alikuta mkono wake umekatwa, ingawa Kindu yenyewe ilikuwa tulivu. Kutawanya mali ni pamoja na kutawanya njia: ile ya angani, ile ya mto kwenda Ubundu, ile ya reli kwenda Kongolo na Katanga, hata kama mojawapo ni ya polepole na ya kuchosha.

Fisi naye ana hoja

Msomaji makini atasema: mbona wahenga walituonya kinyume? Njia mbili zilimshinda fisi, na mshika mawili moja humponyoka. Onyo hilo lina ukweli ambao vitabu vya uwekezaji huupita haraka. Mtaji wa dola 1,000 ukigawanywa mara saba, kila kipande ni dhaifu kiasi cha kutoweza kusimama. Duka lisilo na bidhaa za kutosha hupoteza wateja, na shamba lisilopaliliwa halizai. Umakini wa mtu una mpaka kama fedha yake.

Kwa hiyo kipimo cha wingi ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shughuli ambayo huna nafasi ya kuiandikia mapato na matumizi kila wiki ni shughuli iliyozidi. Kwa watu wengi vitu vitatu visivyohusiana vinatosha na kuzidi. Vitatu vilivyochaguliwa vizuri ni salama kuliko saba vya ukoo mmoja.

Vitatu hivyo vinaweza kuwa vitu gani hapa kwetu? Cha kwanza ni akiba ya dharura, inayotosha chakula na matibabu ya miezi mitatu hivi, sehemu kwenye simu, sehemu mkononi, isiyoguswa kwa biashara. Haileti faida, na kazi yake si faida. Kazi yake ni kukuzuia kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa siku mtoto atakapolazwa.

Cha pili ni kitu kinachotegemea tumbo badala ya shimo. Watu hula dhahabu ikipanda na hula ikishuka. Mpunga huvunwa ndani ya miezi minne hadi sita, muhogo huvumilia ardhini ukisubiri bei, mchikichi huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mawese lakini baadaye hutoa kwa miaka mingi. Hivyo vitatu havina msimu mmoja wala ugonjwa mmoja, na hapo tayari pana utawanyo ndani ya utawanyo.

Cha tatu ni kikundi, lakini kikundi kilichochaguliwa kwa akili. Vyama vya akiba na mikopo vya mtindo wa AVEC vilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na sasa vimeenea hadi vijijini mwetu. Wanachama hununua hisa kila mkutano, hukopeshana, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko wanagawana. Ubora wake ni kwamba kila mtu anaona fedha kwa macho yake. Udhaifu wake ni pale wanachama wote wanapofanya kazi moja: siku mmoja akishindwa kulipa, wote wanashindwa. Kikundi chenye mwalimu, mshonaji, mkulima, muuguzi na mwenye duka ni imara kuliko kikundi cha wauza vitenge ishirini wanaopendana sana.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kwenda mbali kidogo. Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imekuwa ikiuza dhamana zake kupitia benki, nyingine zikiwa za dola. Kiwanja ni kizuri, ila chenye cheti cha usajili, kwa kuwa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973 hicho ndicho kinachothibitisha haki yako. Kiwanja chenye karatasi ya mkono kwa mkono ni kesi inayosubiri kuanza. Na elimu ya mtoto anayeweza kufanya kazi Kisangani, Lubumbashi au Dar es Salaam ni mapato yasiyojali bei ya dhahabu ya Kindu.

Markowitz mwenyewe, alipoulizwa jinsi alivyogawa akiba yake ya uzeeni, alikiri kwamba hakutumia hesabu zake. Aligawa nusu kwa nusu kati ya hisa na dhamana, ili asije akajuta hisa zikipanda sana yeye hayumo, au zikishuka sana huku fedha yake yote ikiwa humo. Wapo wanaomcheka. Lakini alijua kwamba mpango bora ni ule mwenye mpango anaoweza kuushikilia siku ya hofu, hata kama si mkamilifu.

Kwa hiyo kabla ya kuanzisha biashara ya sita, chukua daftari. Orodhesha kila kitu unachotegemea, pamoja na madai yako na mshahara wa mwenzi wako. Mbele ya kila kimoja andika tukio moja linaloweza kukiua: dhahabu, barabara, faranga, ugonjwa wa mifugo, mtu fulani. Kama neno lilelile limejirudia mbele ya vingi, umeshajua una biashara ngapi kwa kweli. Dola yako inayofuata isiende kwenye kitu chenye neno hilo, hata kama ndicho kinacholipa zaidi mwezi huu. Hasa kama ndicho kinacholipa zaidi mwezi huu.